FURAHA YA MAMA MWENYE KAZI NYINGI

Katika mtaa wa Golf, mjini Lubumbashi, mlango mmoja wa chuma hufunguliwa mara mbili kila asubuhi. Mara ya kwanza, yapata saa kumi na mbili, huingia mwanamke atokaye Katuba, mwenye vumbi jekundu miguuni wakati wa kiangazi, na matope wakati wa mvua. Mara ya pili, baada ya saa nzima, hutoka mwanamke mwingine, amevaa vizuri, ana mkoba wa karatasi mkononi, na macho yake hayaachi kutazama saa. Wa kwanza ni mtumishi wa nyumba. Wa pili ndiye mwenye nyumba, naye ni karani katika ofisi ya katikati ya mji. Wote wawili ni mama. Wote wawili wamebatizwa. Na wote wawili, mtu akiwauliza ghafula kama wana furaha, hunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Majina yao hayana haja ya kutajwa, kwa kuwa nyumba za namna hiyo ni nyingi. Mtaa wa Golf ulipata jina lake kwa uwanja wa mchezo ule wa golfu, na mgeni apitaye huko akiona kuta ndefu na magari hudhani kwamba furaha imewekwa nyuma ya kuta hizo kama maji katika tangi. Kumbe nyuma ya ukuta yuko mama aliyeamka saa kumi na nusu usiku, maana umeme umerudi saa hiyo, naye ataka kupiga pasi nguo za shule za watoto kabla haujakatika tena. Ajaza ndoo maji, kwani hajui kama mfereji utatoka jioni. Apika, akumbusha, akemea, atafuta kiatu kimoja kilichopotea. Afikapo ofisini amekwisha fanya kazi ya siku nzima, na hapo ndipo kazi aliyoajiriwa inapoanza.

Je, mtu wa namna hiyo aweza kuamriwa afurahi?

Mtume Paulo aliamuru hivyo. Aliwaandikia Wakristu wa Filipi wafurahi katika Bwana siku zote, kisha akalirudia neno lilo hilo papo hapo, kana kwamba alijua ya kuwa mara ya kwanza hawatamsadiki. Naye hakuyaandika hayo akiwa amekaa kivulini. Alikuwa kifungoni, amefungwa minyororo, wala hakujua kama atatoka hai. Lakini yafaa kuangalia pia alimwandikia nani. Kanisa la Filipi lilianzaje? Kitabu cha Matendo ya Mitume chaeleza kwamba Paulo alifika kando ya mto siku ya Sabato, akawakuta wanawake wamekusanyika kusali, na kati yao alikuwamo Lidia, mwenyeji wa Tiatira, mfanyabiashara wa nguo za zambarau. Bwana aliufungua moyo wake, akabatizwa yeye na watu wa nyumba yake, kisha akawashurutisha Mitume wakae kwake. Maandiko hayasemi kama alikuwa na mume. Yasema tu kwamba alikuwa na kazi, na alikuwa na nyumba yenye watu wa kuangaliwa. Basi barua ile, ambayo kuliko barua nyingine zote za Paulo imejaa neno furaha, ilipelekwa kwa Kanisa lililopata makao yake ya kwanza katika nyumba ya mwanamke mwenye shughuli nyingi. Watawa wa kusali mchana kutwa walikuwa hawajakuwapo bado.

Kwa hiyo amri ile si ya watu wenye nafasi peke yao. Lakini maana yake ni nini?

Wako wadhanio kwamba mama Mkristu yampasa kutabasamu daima, asiseme kamwe kwamba amechoka, na akiulizwa habari ajibu kwamba yote ni mema, ijapokuwa moyo wake wawaka moto. Hiyo si furaha, bali ni kinyago cha furaha, na uso uliovaa kinyago hutoka jasho upesi. Bwana Wetu Yezu Kristu mwenyewe alichoka kwa safari, akaketi penye kisima cha Yakobo, akaomba maji kwa mwanamke asiyemjua. Alilia penye kaburi la Lazaro mbele ya watu. Kuchoka si dhambi, wala kulia si upungufu wa imani.

Kanisa lafundisha kwamba furaha ni tunda la Roho Mtakatifu. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wagalatia, aliyataja matunda hayo moja baada ya jingine, na la kwanza ni mapendo, la pili ni furaha. Mfuatano huo si bure. Tunda halitengenezwi kama kiti. Laota katika mti, na kwa wakati wake. Hakuna mtu aupigaye mwembe fimbo ili uzae. Watu wa Lubumbashi waijua miembe yao: hutoa maua katika miezi ile ya baridi na vumbi, wakati majani ya porini yamekauka na hakuna tone la mvua, na maembe huonekana baadaye, mvua ikiisha kushika. Ndivyo ilivyo kwa mama. Mara nyingi mapendo hutoa maua yake siku zile ambazo yeye mwenyewe aona ukavu mtupu.

Hapo wengine husema: “Dawa ni nyepesi. Mwanamke na akae nyumbani, naye atakuwa na furaha.” Wasemao hivyo wamesahau habari za mji wao. Hapo zamani, katika makambi ya Union Minière, mfanyakazi alipewa mshahara pamoja na posho ya chakula kwa jamaa yake, na mkewe alifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Kampuni ile ilitwaliwa na serikali mwanzoni mwa mwaka 1967, ikawa Gécamines, na jamaa nyingi za Katanga ziliendelea kula katika mkono wake. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Miaka iliyofuata mishahara ilichelewa, tena ikachelewa zaidi. Na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Ni nani aliyezibeba nyumba siku zile? Walikuwa akina mama, kwa beseni la mikate, kwa gunia la makala, kwa unga uliopimwa kikopo kwa kikopo. Mabinti wa wanawake hao ndio leo makarani, wauguzi na walimu. Hawakuingia kazini kwa kiburi. Waliona mama zao wakiokoa watoto kwa mikono yao, wakajifunza.

Sheria ya nchi nayo ilikawia kuwatambua. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya mumewe katika mambo mengi ya kisheria. Ndipo mwaka 2016 masharti hayo yalipobadilishwa. Maandiko Matakatifu hayakukawia hivyo. Sura ya mwisho ya kitabu cha Mithali yamsifu mwanamke anunuaye shamba kwa akili yake, auzaye nguo alizozifuma, aamkaye kungali usiku. Yasema pia kwamba mwanamke huyo huzicheka siku zijazo. Haogopi kesho, na sababu imeelezwa papo hapo: watu wa nyumba yake wamevikwa, kazi imefanyika, na moyo wake wamcha Bwana.

Lakini kuna jambo moja ambalo mama mwenye kazi huliogopa kuliko uchovu, na kuliko maneno ya majirani.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mvua ikinyesha, mtoto mdogo wa nyumba ile ya Golf, mwenye miaka miwili, alishikwa na homa. Mama aliitwa kwa simu, akaomba ruhusa, akarudi mbio akiwa amelowa. Aliingia, akanyosha mikono. Mtoto akamtazama, akageuka, akashika shingo ya mtumishi kwa nguvu zake zote, akalia alipojaribu kumtoa. Mama yule hakusema neno. Aliingia chumbani, akafunga mlango.

Usiku ule homa ya mtoto ilishuka kwa dawa, lakini ya mama ilipanda. Wivu una akili nyingi. Kabla ya alfajiri ulikuwa umemwonyesha kwamba sukari huisha upesi siku hizi, kwamba sahani mbili zimevunjika tangu Noeli, kwamba mtumishi huyo amezoea kupita kiasi. Kufikia Ijumaa alikuwa amekwisha mwondoa moyoni mwake. Yalibaki maneno tu ya kumwambia.

Dominika baada ya Misa alimweleza habari hiyo mama mmoja mzee wa jumuiya yao, akitazamia kusifiwa. Mzee alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza neno moja: “Na yeye, watoto wake hulelewa na nani akiwa kwako?”

Hakujua. Mwanamke yule alikuwa amefanya kazi nyumbani mwake miaka miwili, akimfulia, akimpikia sombe na bukari, akimbeba mtoto wake mgongoni. Naye hakujua kama ana watoto wangapi.

Jambo hilo halikuanza Lubumbashi. Katika mji wa Alençon, huko Ufaransa, aliishi mwanamke aitwaye Zélie Martin, aliyezaliwa mwaka 1831. Kazi yake ilikuwa lesi, ile nguo nyembamba ya nyuzi iliyousifisha mji wa Alençon. Aliwagawia wanawake vipande vya kufuma makwao, naye mwenyewe aliviunganisha kwa sindano, kazi ya kuumiza macho. Alizaa watoto tisa, akazika wanne. Barua zake zaidi ya mia mbili zimehifadhiwa, na humo hakuficha kitu: alilalamika juu ya maagizo ya wanunuzi, juu ya kulala saa chache, juu ya kuwa mtumwa wa lesi. Humo humo alicheka vituko vya watoto wake. Mume wake, Louis, alikuwa fundi wa saa; alipoona kazi ya mkewe imekua, aliliacha duka lake amsaidie yeye. Yastahili waume wa Golf, na wa Katuba pia, waiwaze habari hiyo: fundi wa saa alimpa mkewe saa zake.

Mtoto wao wa mwisho alizaliwa mwezi wa kwanza mwaka 1873, akawa dhaifu hata kukaribia kufa, na mama hakuwa na maziwa. Ilibidi ampeleke kijijini Semallé kwa mwanamke mkulima, Rose Taillé, amnyonyeshe. Kule alikaa mwaka mzima na zaidi. Rose alipokuja mjini siku ya soko kuuza siagi yake, humleta mtoto kumwona mama yake. Lakini mtoto alilia mpaka apelekwe sokoni kwa Rose, na alipomwona tu akacheka. Zélie aliyaeleza hayo katika barua pasipo uchungu. Alijua kwamba mwanamke yule alimwokoa mwanawe. Mtoto huyo ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, ambaye Papa Pio XI alimweka kuwa msimamizi wa misioni zote mwaka 1927. Na wazazi wake, Louis na Zélie, waliandikwa na Papa Fransisko katika hesabu ya watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015, wote wawili pamoja.

Basi mtoto kupendwa na watu wawili si wizi. Mapendo hayapunguzwi kama unga katika debe.

Jumatatu asubuhi, mlango wa chuma ulipofunguliwa mara ya kwanza, mwenye nyumba alikuwa amesimama hapo. Mtumishi aliogopa, akidhani ameshtakiwa.

“Mama,” aliulizwa, “una watoto wangapi?”

“Watatu, Mama.”

“Na leo wako na nani?”

Akajibu kwamba wako na binti yake mkubwa wa miaka kumi na miwili. Binti huyo hupika, huwavika wadogo, kisha humwacha wa mwisho kwa jirani na kwenda shuleni, mara nyingi akiwa amechelewa. Yeye mwenyewe hutoka Katuba kungali giza, na kwa shida ya mabasi hurudi watoto wamelala. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: “Huyu wangu mdogo, Mama, siku hizi humwita dada yake mama.”

Wakatazamana. Ndipo, ajabu, wakacheka wote wawili, mmoja akiwa bado ameshika komeo la mlango. Hakuna lililokuwa limebadilika: mvua ilikuwa ikinyesha, umeme haukuwapo, saa ilikuwa ikienda. Lakini tangu ile Jumanne ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mwenye nyumba kucheka.

Kicheko peke yake hakilishi mtoto. Mtakatifu Yakobo Mtume aliandika maneno makali juu ya mshahara wa watenda kazi uliozuiliwa na matajiri, kwamba mshahara huo wapiga kelele, na kelele hizo zamfikia Bwana wa majeshi. Katika nyumba ile mshahara haukuzuiliwa. Ulikawia tu, siku tano, siku nane, kwa kuwa mwenye nyumba naye alikawia kulipwa, au kwa kuwa alisahau. Aliyekawishwa siku nane hununua unga kwa deni, na deni lina bei yake. Basi wale mume na mke wakakaa jioni moja mezani, wakafanya hesabu. Wakapatana kwamba mshahara wa mtumishi utatengwa kwanza, kabla ya mambo mengine yote. Tena wakapatana kwamba ataondoka saa tisa badala ya saa kumi na mbili, na nauli ya basi itakuwa juu yao. Lakini ni nani atakayewapokea watoto wakitoka shule? Hapo baba wa nyumba alitazama dari. Alikuwa na desturi ya kukaa na rafiki zake baada ya kazi, karibu kila siku. Haikumpendeza hata kidogo, na mwezi wa kwanza alisahau mara tatu. Leo yeye ndiye apashaye chakula moto jioni, na umeme usipokuwapo awasha mbabula, ingawa makala humshinda na moshi huingia mpaka sebuleni.

Katika Katanga, Padre Placide Tempels, Mfransisko, alipokuwa pamoja na wachimba migodi wa Kolwezi katika miaka ya 1950, aliwafundisha baba na mama wasemezane mioyo yao, kila mmoja amfahamu mwenzake. Huko ndiko ilikotoka Jamaa, iliyoenea makambini kote. Baadaye makosa yaliingia katika makundi fulani, na maaskofu walilazimika kuonya. Lakini mwanzo ule wa mume na mke kusemezana haukuwa kosa. Mume na mke wa Golf walikuwa wameishi miaka tisa wakiambiana habari za ada za shule, za gari na za maji. Habari ya kwamba mama huyu huogopa kusahauliwa na watoto wake ilitajwa usiku ule kwa mara ya kwanza.

Mama alijiwekea pia desturi chache, zisizomwongezea kazi. Asubuhi, kabla ya kuweka mguu chini, afanya ishara ya msalaba polepole. Jioni, afikapo mlangoni, asimama muda wa Salamu Maria moja kabla ya kuingia, ili hasira ya ofisini ibaki nje. Na simu yake hulala kabatini mpaka watoto walale. Hiyo ya tatu ndiyo imshindayo mara nyingi.

Jumamosi jamaa ile husali Rozari, mafumbo ya furaha. Mtu akiyatafakari mafumbo hayo matano ataona kwamba yote ni habari za mama mwenye shughuli. Bikira Maria apashwa habari ambayo hakuitazamia. Afunga safari ya mlimani kwa haraka kumhudumia Elizabeti. Azaa mtoto mahali palipokosa nafasi. Ampeleka Hekaluni, na mzee Simeoni amwambia habari ya upanga utakaomchoma moyo. Tena katika fumbo la tano Maria na Yozefu wampoteza mtoto, wamtafuta siku tatu, na wamwonapo waambiwa maneno wasiyoyafahamu. Na Kanisa, lililo mama mwenye akili, halikuyaweka hayo ya upanga na ya kupotea katika mafumbo ya uchungu. Yamo katika hesabu ya furaha, kwa kuwa katika yote hayo Yezu alikuwapo, hata pale Maria alipokuwa hajamwona bado.

Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu aliyeuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, alikuwa amejiwekea azimio la kuwatumikia watu na kuwafurahisha. Azimio hilo alilitimiza jikoni, darasani na penye vyombo vya kuoshwa, kabla ya siku ile ya damu. Picha yake imetundikwa sebuleni katika nyumba ile ya Golf, karibu na dirisha.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika saa moja jioni. Waliwasha mshumaa, wakaketi mkekani, na mtoto mdogo akapanda mapajani mwa mama yake, kisha akashuka, akaenda kwa baba, akarudi. Mama alianzisha fumbo la kwanza kwa sauti nzuri. Katika la pili sauti yake ilishuka. Katika la tatu, kuzaliwa kwa Bwana, kichwa chake kiliinama, akalala, rozari mkononi. Baba alitaka kumwamsha. Binti mkubwa akamkataza kwa kidole, akaendelea yeye kuongoza mpaka mwisho wa fumbo la tano, wadogo wakiitika polepole. Kisha akachukua kitenge, akamfunika mama yake miguu.